Mchoraji Aliyekwangua Uso wa Baba Ndunge

Nilimjua Mchoraji miaka minane, na katika miaka hiyo yote sikumwona akimaliza kitu kwa ajili ya mtu yeyote wa kwetu. Naanza na hilo ili mtu asidhani nimekuja kumsifu. Watu wakishazeeka hupewa sifa hata ambazo hawakuzitafuta. Mimi nitasema nilichokiona.

Alikuwa Mzungu, Mpolandi, mwanamke mrefu mwembamba mwenye mikono mipana kama ya kuli. Kwao sikukujua, wala ukoo wake. Aliwahi kuniambia tu kwamba vita vya Wazungu vilimleta huku akiwa mtoto, vita vikaisha, wenzake wakapanda meli, yeye akabaki. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Nilichelewa." Basi. Mtu anaachwa na nchi yake nzima, na maelezo ni neno moja.

Alipanga chumba Nairobi, mtaa wa Baba Dogo, kwenye ploti ya mawe, vyumba vya kupangisha vya Mzee Kimani, karibu na kiwanda cha sabuni. Sisi tulikaa Kariobangi, mwendo wa kutembea tu. Nilimjua kupitia Mama Nekesa, Mluhya wa kanisani kwetu, aliyekaa mlango wa pili kutoka kwake. Mama Nekesa ndiye aliyekuja kutueleza siku ya kwanza: "Tumepata jirani Mzungu, na ametoboa paa." Kumbe ni kweli. Mchoraji alikuwa amekata bati akaweka nailoni, mwanga uingie kutoka juu. Mzee Kimani alipiga kelele mpaka wafanyakazi wa kiwanda wakatoka kutazama. Yeye alimsikiliza akiinamisha kichwa, halafu akamwambia, "Mzee, simama hapo hapo. Shingo yako sasa iko mzuri." Mzee Kimani akakaa kuchorwa wiki tatu. Paa halikuzibwa.

Hivyo ndivyo alivyotupata sote. Alikuwa hakubembelezi. Anakutazama unanunua mboga ya sukuma, anakufuata, anasema, "Wewe, nataka kichwa yako." Kiswahili chake kilikuwa kama changu cha zamani, cha kuokota njiani, ila yeye hakukirekebisha.

Turubai za kuchorea za dukani hakununua, labda kwa watu wakubwa tu. Kwetu alitumia magunia ya sukari. Aliyafua, akayatandaza kwenye fremu ya mbao, akachemsha gundi ya kwato nje kwenye jiko, harufu ikaingia kwa kila mtu mpaka kwenye ugali. Juu ya gundi alipaka chokaa. Ikikauka ndiyo anakuita. Unakalia kreti la soda chini ya lile tobo la paa. Anakutazama kwanza, muda mrefu, hata hajashika brashi. Ukicheka anakwambia usicheke. Ukianza kusinzia anagonga kreti kwa mguu.

Sasa hapa ndipo kwenye maudhi. Jioni ikikaribia, anarudi nyuma mpaka mlangoni, anakunja macho, anasema, "Hapana. Si yeye." Anachukua kisu chake, butu, kama mwiko mdogo wa fundi wa saruji, anakwangua uso wote. Uso tu! Nguo anaacha, shingo anaacha, kiti anaacha. Ule uso wako wa mchana kutwa anaupangusa kwenye kifuniko cha mkebe. Halafu anakwambia, "Jumapili tena."

Mama Nekesa alikaa mara kumi na tisa. Gauni lake la maua lilimalizika, hata kifungo kilichokatika kilionekana kimekatika, lakini juu ya kola palikuwa na gunia tupu. Wanjiru wa mboga, hivyo hivyo. Otieno, askari wa kiwanda cha sabuni, hivyo hivyo, na rungu lake mkononi. Ukiingia chumba kile unakuta nguo za watu unaowajua zimekaa ukutani, wenyewe hawamo.

"Huyu anatufanya wajinga," Mama Nekesa alisema tukitoka kanisani. "Nimekaa mpaka makalio yamepata alama ya kreti, na uso sina."

"Si uache kwenda?"

"Niache vipi? Atakuwa amekaribia."

Kilichonichoma zaidi ni kwamba alikuwa anaweza. Siku moja gari kubwa lilikuja kumchukua, akaenda kwa tajiri fulani huko juu, akamchorea mke wake na mbwa wawili. Siku nne. Niliiona picha ile kabla hawajaipeleka: meno, lulu za shingoni, mbwa ulimi nje, kila kitu mahali pake. Nikamwambia, "Kumbe unajua kumaliza!" Akasema, "Yule anataka picha nzuri. Nampa. Nyinyi, nataka nyinyi." Nikamjibu, "Basi mimi usinitake. Nichukie kidogo, nipate uso." Alicheka sana. Alikuwa na kicheko cha mtu mnene. Lakini hakubadilika.

Haikuwa kwamba ni mtu mbaya, na hilo nalo lilikuwa linaniudhi, maana mtu mbaya ungemwacha. Mama Nekesa alipougua, akashindwa kuinuka, Mchoraji ndiye aliyemwogesha siku kumi na moja. Alimpikia supu ya kabichi yake ile anayoisindika kwa chumvi kwenye ndoo mpaka iwe chachu. Kabla ya hapo Mama Nekesa alikuwa ameshaimwaga ndoo hiyo mtaroni mara moja, akidhani ni uozo uliosahauliwa. Mchoraji hakumsema. Alisindika nyingine, akamnywesha. Na akimnywesha, Mama Nekesa mwenyewe alinihadithia, alikuwa anamwambia, "Pinda kidogo kwa dirisha." Anamtazama taya! Mtu anaumwa!

Sasa nifike kwa mume wangu, maana ndiye sababu naandika.

Baba Ndunge alikuwa mchongaji wa vinyago, Mkamba kama mimi, na banda lao lilikuwa Kariobangi, wachongaji saba chini ya mabati. Alikuwa msemaji. Alichonga akisema, alikula akisema, usingizini alisema. Kuna picha moja tu ya kamera aliyowahi kupigwa na watu wa kanisa, na hata ndani yake aligeuka kumwambia mtu kitu, uso ukatoka kama moshi. Ndoa yetu tulifungia nyumbani Kangundo na hapakuwa na mpiga picha. Uso wake ulikuwa kwenye kipande, kile kitambulisho cha serikali, basi.

Mchoraji alikwenda bandani kuagiza fremu. Nzioka, rafiki wa Baba Ndunge, ndiye aliyenieleza. Alisimama katikati ya vifaru na twiga, akamwelekeza Baba Ndunge kidole: "Nataka kichwa yako."

Nzioka akadakia, "Chukua, mama! Lakini ujue kina kelele. Utaiweka wapi?"

"Kelele iache hapa," akasema Mchoraji.

Wakacheka wote. Baba Ndunge naye akacheka, na Jumapili ile baada ya ibada akaenda. Akaenda na iliyofuata. Alienda Jumapili za mwaka mzima na zaidi. Mimi nilikuwa nangoja achoke kama wengine, hakuchoka. Nikimuuliza, "Mnazungumza nini huko?" anasema, "Ah, mambo ya kawaida," na anaingia kwenye habari za bei ya mpingo. Mama Nekesa alinitania mbele ya watu: "Mume wako amepata kanisa la pili, na huko sadaka ni yeye mwenyewe!" Nilicheka nao. Moyoni sikucheka.

Mara moja nilikwenda kuona. Nilikuta paji la uso, macho, masikio, hata ule mkunjo wake wa kutokuamini unachomwambia. Alikuwa yeye, nakwambia. Chini ya pua palikuwa pamekwanguliwa.

"Mdomo bado," Mchoraji akasema.

"Si uweke wowote? Mdomo ni mdomo."

Alinitazama kama nimetukana.

Baba Ndunge alifariki mwaka ule watu walipoanza kupiga kura ya vyama vingi. Ilikuwa kifua, mchana, bandani, patasi iko mkononi. Nzioka alimshika. Mambo ya kuzika yana karatasi zake, na kule ofisini kwa karatasi karani aliniomba kipande cha marehemu. Nikampa. Nikamwona anakiweka kwenye droo. Nikamwambia, "Baba, hicho nirudishie, kina picha." Akasema kwa heshima kabisa, "Mama, kipande cha marehemu hakirudi. Ndiyo sheria." Droo ikafungwa. Nilisimama pale dirishani mpaka aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akanigusa bega.

Kwa hiyo uso wa mume wangu ulibaki mahali pamoja duniani, Baba Dogo, kwenye gunia la sukari.

Nilikwenda na Nzioka. Nilimwambia Mchoraji tunataka picha isimame mbele ya jeneza. Macho yake yalikuwa mekundu, alikuwa amelia, hilo silikatai. Lakini alisimama mlangoni akaweka mkono huku na mkono huku.

"Haijaisha."

"Mama," Nzioka akasema, "mwenyewe ameisha. Maiti haiwezi kungoja mdomo."

"Bila mdomo si yeye. Watu wataona nini?"

"Wataona zaidi ya wakiona hewa," nikasema. Nikapita chini ya mkono wake, nikaichukua mwenyewe. Hakunizuia. Alisema tu, "Msiguse juu. Bado laini."

Sasa sikiliza kilichofanyika, na usicheke. Picha ile ilipelekwa bandani ili wachongaji watengeneze fremu. Waliitazama, wakaona imefifia, haing'ai. Mchongaji wa Kikamba hapeleki kitu sokoni hakijang'aa. Kifaru kikishapigwa msasa hupakwa polishi ya viatu, ile ya kahawia, kikasuguliwa kwa brashi na kitambaa mpaka ujione ndani. Ndiyo heshima ya mwisho ya mti. Basi wale wanaume, wakilia, wakampaka mwenzao polishi. Wakamsugua zamu kwa zamu, Nzioka, Musembi, Kilonzo, wote. Aling'aa! Mimi mwenyewe nilipomwona nilisema ahsanteni.

Kangundo jua lilikuwa kali. Polishi ikayeyuka wakati wa mahubiri, vumbi likashika. Tulipofika kwenye kaburi, Baba Ndunge alikuwa kama amemwagiwa unga wa kahawia, na harufu yake ilikuwa ya viatu vya shule.

Tuliporudi Nairobi, Mchoraji alikuja kwangu bila kuitwa. Aliinusa kwanza. Akapitisha kidole kwenye shavu, akakitazama.

"Ni nani?"

"Ni sisi," Nzioka akasema, kifua mbele. "Tumemng'arisha."

Nilitegemea apige kelele. Aliketi chini, sakafuni, na miguu yake mirefu ile, akaifunika picha kwa aproni yake. Halafu akaniambia, "Nasafisha. Wiki mbili."

Nikampa. Hilo ndilo kosa langu na silitupii mtu. Nilimpa kwa mikono yangu.

Polishi ilikuwa imeingia ndani ya rangi. Kuitoa ikabidi atoe na uso. Hakuniambia. Mama Nekesa ndiye aliyeniambia, miezi mitatu baadaye, kwamba amechungulia akaona kola ya Baba Ndunge, koti la Baba Ndunge, na juu hakuna mtu. Nilitembea kutoka Kariobangi bila kufunga mlango.

"Uko wapi uso wa mume wangu?"

Akagusa paji lake kwa kidole chenye rangi. "Hapa. Naurudisha."

"Utaurudishaje na mwenyewe yuko chini ya udongo?"

"Nilimtazama Jumapili sitini, Mama Ndunge. Yuko."

Ukawa ndio wimbo. Nikienda Pasaka, ameweka macho. Nikienda mwezi wa nane, amekwangua. Kuna mwaka niliukuta uso mzima isipokuwa mdomo, nikamwambia nipe hivyo hivyo, akasema wiki mbili. Niliporudi alikuwa amekwangua mpaka masikio. Nilimtukana kwa Kikamba. Akauliza ninasema nini, nikamwambia. Akasema, "Kweli," akaendelea kuosha brashi.

Nilimpeleka kwa Mzee Makokha, mzee wa mtaa, aliyekuwa amefanya kazi reli na aliyependa utaratibu. Tukaketi kwenye viti vya plastiki, watu wamejaa.

"Picha hii ni ya nani?" Mzee Makokha akauliza.

"Gunia ni yangu," Mchoraji akasema. "Uso ni ya mama. Mzee, kata."

Watu wakaangua kicheko. Mzee Makokha akavua miwani, akaivaa tena. "Nimesikiliza kesi za kuku, za choo, za wake. Kesi ya uso, sijawahi." Akatuamuru tupatane. Tulitembea pamoja mpaka njia panda, kisha akaniambia, "Njoo ukae. Nikuchore wewe." Nikamwambia, "Sikai, hata ukinifunga kwa kamba."

Miaka ikaenda. Mama Nekesa alirudi Webuye bila uso wake. Wanjiru alihama. Mimi magoti yakaanza kuuma.

Kisha, mwaka mmoja kabla ya elfu mbili, Ndunge binti yangu aliniletea habari kwamba Mchoraji amechukuliwa na masista, wanamtunza kwenye nyumba yao ya wazee. Mikono inatetemeka. Nilichukua leso kubwa ya kufungia picha, nikaenda. Niliapa njiani kwamba safari hii naondoka nayo, iwe na uso, iwe gunia.

Nilimkuta kwenye veranda, mchana, amefunikwa blanketi miguuni. Amekuwa mdogo. Alinijua mara moja. Hakuniamkia, alisema tu, "Iko ndani, nyuma ya mlango. Imeisha."

Nikaenda mwenyewe. Ilikuwa imegeukia ukuta. Nikaigeuza.

Sitadanganya. Alikuwa yeye. Paji, macho, ule mkunjo. Kama angekohoa nisingeshtuka. Na mdomo ulikuwapo, wote, umekauka. Lakini mdomo ule sikuujua. Ulikuwa umefungwa. Haukukaza kama wa mtu aliyekasirika, wala haukulegea kama wa aliyelala. Umetulia, kama mlango wa nyumba ambayo watu wake wako ndani na hawahitaji kitu. Miaka thelathini na moja nililala na kuamka na mtu yule, sikuwahi kumwona na mdomo ule.

Nikaibeba mpaka verandani, nikaisimamisha mbele yake kwenye kiti.

"Mdomo si wake."

"Ni wake."

"Mimi ndiye mke wake, Mchoraji. Baba Ndunge alikuwa anasema toka asubuhi. Huyu umemchora bubu."

"Kwangu alikuwa hasemi," akasema. "Jumapili ya kwanza alisema, sana. Ya pili, kidogo. Baadaye hapana. Anaingia, anavua kofia, anakaa. Mpaka jioni. Ndiyo nilishindwa mdomo. Kila mara nilichora ule wa bandani, ule watu wanajua. Si yeye. Nikakwangua." Akaunyoosha mkono kuelekea picha, haukufika. "Hii ni ya Jumapili."

Sista akaleta chai, akatutazama, akaiweka chini akaondoka.

Nilikuwa na maneno ya miaka sita, yote yamepangwa. Niliyaacha. Nilitazama mdomo ule nikafikiria Jumapili zile zote, mimi nyumbani nikipika na nikiwaza wanaongea nini, na yeye kule amekaa kwenye kreti la soda, amenyamaza, na huenda alikuwa amepumzika. Kupumzika na nini? Kwetu nani alimwambia aseme?

"Alikuwa anafikiria nini?" nikamuuliza. "Muda wote huo. Alikuwa anafikiria nini?"

Mchoraji alinitazama kwa huruma, nadhani ilikuwa huruma. Aliangalia picha, akaangalia bustani ya masista, akanirudia.

"Sikumuuliza, Mama Ndunge. Nilikuwa natazama mwanga."

Nikaifunga picha kwa leso, mafundo mawili, nikaondoka bila kuaga na chai sikuigusa. Sasa iko ukutani kwangu, mbele ya meza. Wajukuu wanasema babu anaonekana mtu mpole. Jumapili nikitoka kanisani huwa naketi mbele yake kidogo, sisemi kitu, nijaribu kusikia.